Kidole cha Uzinduzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, ambaye ameshindwa kufika lakini ametuletea kiti chake, kile pale chenye mto. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye angefika endapo Mwenyekiti angefika. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wanaokaimu nafasi za wakuu wa vitengo, na wale waliokaa leo kwa niaba ya wanaokaimu. Ndugu stekiholda wa ngazi zote, mkiwemo stekiholda mliosimama kwa sababu viti havikutosha. Wakunga, wauguzi, wafagizi na walinzi wa kituo hiki cha afya. Na ninyi mama zetu wajawazito, mliokubali kwa moyo mweupe kusimama nje dirishani ili sisi tupate kukaa kwenye mabenchi yenu. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Wapo wasemaji wavivu ambao wakishataja vyeo viwili vitatu husema itifaki imezingatiwa, kisha wanaendelea kana kwamba hakuna aliyeachwa. Mimi sina tabia hiyo. Kama kuna mtu humu ana cheo na sijakitaja, anyooshe mkono, nitakitaja. (Mikono saba inanyooshwa. Mkurugenzi anayehutubia anavitaja vyeo vyote, kimoja anakirudia kwa kuwa mwenyewe hakukisikia vizuri.)

Usasa! (Watu: "Mbele!") Sijasikia. Usasa! (Watu, kwa sauti ya wanaotaka kumaliza: "Mbele!")

Ndugu zangu, mimi, kama karatasi zenu za mwaliko zinavyoonyesha mara nne, ni Mkurugenzi wa Idara ya Usasa na Mambo Yajayo. Leo nimekuja kuzindua, kwa kidole changu mwenyewe, Mradi Mkuu wa Kusasisha Sistimu za Simu za Wakunga, mradi ambao umepitia mchakato, ukapitia upembuzi, ukapitia upembuzi wa ule mchakato, na sasa umefika katika ukumbi huu wa kusubiria, ambao mpaka jana ulikuwa ukumbi wa kusubiria tu, na leo umepambwa kiasi kwamba hata mizani ya kupimia watoto wachanga imepata kazi ya heshima ya kubeba chupa zangu za maji. Meza mnayoiona mbele yangu imebeba simu zote za wakunga. Kitambaa cha kijani kilichozifunika, kwa wale wanaojiuliza, ni pazia la chumba cha kujifungulia, ambalo tumeliazima kwa muda mfupi kwa kuwa kifungu cha kununulia kitambaa cha uzinduzi bado kiko katika hatua za awali.

(Mkunga Mkuu, kutoka mlango wa chumba cha kujifungulia: "Muda mfupi ni muda gani, Mheshimiwa? Nina mama ana uchungu humu, na mlango wenyewe haufungi.")

Nakushukuru sana, Mkunga Mkuu, kwa mchango huo, ingawa umekuja kabla ya wakati wake. Fidibeki ipo ukurasa wa mwisho. Kila mmoja wetu na atulie, maana haraka haraka haina baraka, na hata huyo mtoto anayekuja angependa kuzaliwa katika mazingira yenye utaratibu.

Sasa nieleze chimbuko. Mradi huu haukudondoka kutoka mbinguni. Ulianza nyumbani kwangu, asubuhi moja, nikiwa na kikombe cha chai mkono wa kulia na simu yangu mkono wa kushoto, pale kioo cha simu hiyo kilipowaka na kuniandikia: sistimu mpya ipo tayari, sasisha sasa au nikumbushe baadaye. Mtu wa kawaida angebonyeza, akaendelea na chai yake. Mimi sikubonyeza. Niliweka kikombe chini, nikajiuliza swali ambalo mpaka leo nalionea fahari: ikiwa simu ya Mkurugenzi, simu ya bei mbaya, simu iliyonunuliwa kwa tenda, imepitwa na wakati, je, hali ya simu ya mkunga ikoje? (Makofi.) Mke wangu akaniambia, "Bonyeza hapo unywe chai, inapoa." Nikamwambia, mke wangu, chai ikipoa itapashwa, lakini fursa ya uongozi ikipoa haipashiki.

Na Mungu si Athumani, wiki hiyohiyo wakunga wa kituo hiki walikuwa wameleta ombi idarani. Mnajua waliomba nini? Waliomba salio. (Mkurugenzi anatikisa kichwa kwa huruma.) Salio la kupigia simu, basi, ili mama akizidiwa wamwite dereva wa gari la wagonjwa bila kujilipia mfukoni. Nililisoma ombi lile, na niseme ukweli, lilinisikitisha. Nikasema, watumishi wangu wanawaza kidogo mno. Kumwekea mtu salio ndani ya sistimu iliyochakaa ni kumjazia maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tuzibe ndoo kwanza! Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata neno salio, nikaandika juu yake sasisho, nikatia saini. Hivyo ndivyo maono yanavyofanya kazi, na kama kuna mtu anaandika, aandike hilo.

Ugumu ukaja kwenye namna. Maana kusasisha simu, ndugu zangu, si jambo la kukurupuka. Kuna njia, na njia ni nyingi, na kiongozi ni yule anayejua kuchagua. Tukaunda Kamati ya Kuchagua Njia, ikaandaliwa fremuweki, ikaandaliwa rodimapu ya kufikia fremuweki, tukafanya wekshopu mbili, moja ya kujadili na moja ya kupumzika kutokana na ile ya kwanza.

Njia iliyotangulia mezani ni ile ya hewani, ambapo simu inavuta sistimu mpya yenyewe kupitia mtandao, mtu akiwa amekaa zake. Wajumbe waliipenda sana mpaka mjumbe mmoja makini, ambaye ni mimi, alipouliza: hiyo hewa ni ya nani? Tukawaandikia wenzetu wa Idara ya Mazingira watupe kibali cha kutumia hewa. Wakajibu kwamba wao wanahusika na hewa inayovutwa na watu, hii inayovutwa na simu hawaitambui. Tukawaomba waitambue. Wakaomba semina. Jambo hilo likala misimu miwili ya mvua, na sisemi hivyo kwa kulalamika, nasema ili mjue jinsi tulivyokuwa makini.

Tukaigeukia ya waya. Hii unaunganisha simu na kompyuta, sistimu inapita katikati kama maji kwenye mpira. Kompyuta ya idara ipo, haijawahi kuibwa. Tukaitoa kwenye boksi, tukaiwasha, nayo ikatuandikia kwamba yenyewe pia inasubiri kusasishwa. Sasa hapo kiongozi mwoga angekata tamaa. Mimi niliunda kamati ndogo ya kuchagua njia ya kusasisha kompyuta, na nafurahi kuwaarifu kwamba kamati ile bado iko hai, inakutana vizuri, na wajumbe wake wanapendana.

Kulikuwa pia na pendekezo, lililotoka kwa mhudumu mmoja hapa nisiyetaka kumwaibisha, kwamba simu zipelekwe kwa fundi wa simu wa hapo barabarani, yule mwenye kibanda cha vioo na redio. Nilikwenda mwenyewe kwa ajili ya utafiti. Fundi akanitazama, akaniambia, "Mzee, ziache hapo, nitaziangalia, urudi mchana baada ya kula." Baada ya kula! Nawauliza, ndugu stekiholda, jambo linalomalizika kabla hujanawa mikono lina hadhi gani ya kuitwa mradi? (Kicheko. Mkurugenzi anakisubiri kiishe, kisha anakisubiri kianze tena.)

Lakini iliyonikosesha usingizi ni ile ya simu kujisasisha yenyewe. Unaiweka kwenye chaji, unalala, asubuhi unakuta imebadilika. Bila barua! Bila kikao! Bila mkuu wa idara kujua! Nikawaambia wajumbe, tukiruhusu hili tumekwisha. Leo simu inajiamulia, kesho karani atajiamulia. (Viti vya mbele: "Kweli!") Siku hiyohiyo nikatoa waraka: ni marufuku kwa mtumishi yeyote kubonyeza sasisha, kukaribia kubonyeza, au kuiacha simu yake karibu na mtu mwenye nia ya kubonyeza. Utekelezaji wa waraka ule umefikia asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada ni za watumishi waliotii kabla hata hawajapewa simu.

(Sauti ya mtu anayeugulia kutoka chumba cha ndani.)

Nasikia shangwe mpaka vyumba vya ndani. Ahsanteni sana.

Basi ndipo tukaivumbua Njia Shirikishi ya Kidole Kimoja. Ni inovesheni ya nyumbani, haijatoka nje. Simu zote zinakusanywa, zinawekwa mahali pamoja, na zote zinabonyezwa siku moja, na mtu mmoja, kwa mpangilio wa ukubwa wa vyeo vya wenye simu, ili asitokee mkunga wa kumtangulia mkunga mwenziwe kwenye usasa. Ndiyo maana wiki mbili zilizopita tulizichukua simu hizi. Najua wakunga mmeishi bila simu kwa siku hizo, mkikimbia kwa miguu kumfuata dereva nyumbani kwake. Hilo nalo lina faida kwa afya, na ninyi ni watu wa afya.

(Mama mtu mzima anaingia kutoka ndani, nguo ameifunga kiunoni, jasho linamtiririka. Anasimama katikati ya ukumbi. "Mheshimiwa mwanangu, samahani, nakukatisha.")

Karibu, mama, karibu. Mpisheni mama. Hii ndiyo ninayoiita jamii kumiliki mradi.

(Mama: "Mimi sijaja kumiliki kitu, baba. Mkwe wangu yumo humo, mke wa mwanangu yule fundi cherehani. Mtoto amejilaza upande. Sista anasema mtoto hapa hatoki, lazima mkwe wangu apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe, na apelekwe sasa. Sista anaomba simu yake amwite dereva wa gari la wagonjwa.")

Mama yangu, kwanza pole. Pili, hongera, maana mjukuu ni mjukuu hata akija upande. Na huyo fundi cherehani namjua! Suti hii niliyovaa ni kazi ya mikono yake. Tazameni mabega haya. (Anageuka ili mabega yaonekane.) Mwambie mkwe wako avute subira kidogo, kwani subira yavuta heri. Kuhusu gari la wagonjwa, ondoa shaka kabisa, gari lipo na liko kazini. Limekwenda kufuata mkasi wa kukatia utepe. Tuliomba mkasi hapahapa kituoni, Mkunga Mkuu akatunyima, akasema mikasi yake ni ya kukatia vitovu na haitoki. Sikumlaumu. Nilimwagiza dereva aende nyumbani kwangu, mke wangu amtafutie wa kwetu, na awashe king'ora asikwame njiani. Kwa hiyo mnaona serikali inavyojali muda.

Na kuhusu hiyo simu, mama, hapo ndipo penye ugumu. Simu ya Mkunga Mkuu ndiyo iliyoteuliwa kuwa simu ya mfano. Imeunganishwa na projekta ili kioo chake kionekane ukutani, na imeunganishwa na spika ili tuisikie ikisasishwa. Kuichomoa sasa hivi ni sawa na kumwondoa bibi harusi ukumbini wageni wakiwa wamekaa.

(Mwalimu mmoja, kutoka nyuma: "Basi turudishieni zetu mlizotunyang'anya mlangoni, tumpigie sisi!" Makofi makubwa kuliko yote mpaka sasa.)

Nayapokea makofi hayo kwa unyenyekevu. Nieleze tu kwamba simu za wageni hazikunyang'anywa, ziliombwa kwa msisitizo, ili mtandao wote wa eneo hili utumike kwa zoezi letu bila msongamano. Zimezimwa, zimetiwa kwenye gunia, na gunia liko chini ya meza chini ya ulinzi. Huo ulikuwa ushauri wa mtaalamu wetu wa dijitali, kijana huyu hapa mwenye waya mkononi, ambaye kwa bahati nzuri tu ni mtoto wa dada yangu. Simama wakuone. (Mtaalamu anasimama nusu, anakaa.)

Turudi kwenye faida. Ukurasa wa sita. Utafiti wetu wa pailoti, uliofanyika kwa simu moja, yangu, umeonyesha kwamba asilimia tisini na tisa ya watumiaji waliridhika, na ile asilimia moja ni siku ambayo chaji iliniishia. Sistimu mpya inatarajiwa kuongeza kasi ya huduma, kupunguza msongo wa mawazo, kukuza utalii wa ndani, na kuimarisha mahusiano kati ya mkunga na kioo cha simu yake. Indiketa zote zinapanda. Hata zile zilizotakiwa kushuka, tumezipandisha. (Sauti ya kuugulia tena, ndefu, yenye kilio mwishoni. Viti vya nyuma vinaanza kusimama.) Kaeni, tafadhali. Kaeni. Ukurasa wa saba ndio wenye picha yangu.

(Mkunga Mkuu anatoka. Glavu zimo mikononi. Haendi mahali pengine, anakuja moja kwa moja mpaka mbele ya meza. "Mheshimiwa, zimebaki kurasa ngapi?")

Kumi na moja, Mkunga Mkuu, lakini kuna mbili za shukrani ambazo naweza kuzisoma kwa kasi.

(Mkunga Mkuu: "Huyu binti hana kurasa kumi na moja. Bonyeza hicho kidole chako nichukue simu yangu.")

Sista, sikiliza, sote tunampenda mama huyo, ila kidole cha uzinduzi hakitangulii hotuba ya uzinduzi, dunia nzima ndivyo ilivyo. Tukianza kubonyeza kabla ya kusema, kesho watu watatenda kwanza, halafu sisi tutasema nini?

(Mkunga Mkuu: "Basi nabonyeza mimi." Anavua glavu ya mkono wa kulia.)

Hapana! Hapana, hapana, hapana. Mlinzi! (Mlinzi anatazama dari. Dada yake alijifungulia hapa mwaka jana.) Haya. Haya basi. Mabibi na mabwana, kwa mamlaka niliyopewa, na kwa kuzingatia hali ya hewa ya ukumbini, nazindua. Mpiga picha yuko tayari? Upande huu, upande huu ndio mzuri. Moja. Mbili. (Mkurugenzi anaingiza mkono chini ya pazia, anabonyeza. Ukutani panatokea maandishi makubwa: "Inatafuta sistimu mpya." Kiduara kinazunguka. Ukumbi mzima, hata waliosimama dirishani, wanakitazama.)

Tazameni inavyotafuta! Tazameni bidii hiyo! Hii ni simu ambayo mpaka leo asubuhi ilikuwa imelala. Naomba muikumbuke sura ya kiduara hiki, mtawasimulia wajukuu zenu.

(Kiduara kinasimama. Ukutani panaandikwa: "Hakuna sistimu mpya kwa simu hii.")

Mmeona wenyewe. Kwa lugha ya kitaalamu, ndugu zangu, hii maana yake ni kwamba…

(Mtaalamu wa dijitali, taratibu: "Mjomba.")

Usiniite mjomba kwenye kipaza sauti.

(Mtaalamu: "Mheshimiwa Mjomba, simu za aina hii hazijawahi kutengenezewa sistimu mpya. Zimetoka kiwandani hivi na zitakufa hivi. Ule ujumbe wa asubuhi ile ya chai ulikuwa wa simu yako wewe tu.")

Umelijua lini hilo?

(Mtaalamu: "Siku ya kwanza. Ukaniambia nisilete jambo ambalo halimo kwenye ajenda.")

Na hukukosea, mwanangu, ajenda ni ajenda. Kwa hiyo, ndugu wananchi, tafsiri sahihi ya maneno yale ukutani ni kwamba simu zetu hazina deni lolote la usasa. Hakuna sistimu mpya inayozizidi! Wenzetu wanahangaika kusasisha kila kukicha, sisi tumefika mwisho wa njia siku ya kwanza, tukiwa tumekaa. Mkandarasi angemaliza haraka hivyo? Naomba makofi. (Hakuna makofi. Mkunga Mkuu ameshaitwaa simu, waya zikiwa bado zimechomekwa. Ukutani panaonekana akitafuta jina la dereva, akilipata, akipiga. Kisha spika zote za ukumbi zinasema kwa sauti nyororo ya mwanamke: "Samahani. Salio lako halitoshi kupiga simu hii. Tafadhali ongeza salio.")

Huyo mama aliyesema hivi sasa ni nani? Hayumo kwenye ratiba.

(Mama mkwe amekaa sakafuni, mikono kichwani. "Jamani mwanangu. Jamani mtoto wa watu." Kutoka mlango mkubwa, dereva wa Mkurugenzi ananyanyua mkono wenye funguo. "Sista, gari hili hapa. Lina mafuta na liko mlangoni. Mtoeni.")

Dereva! Hilo ni gari la msafara! Lina bendera! Viti vyake vina vitambaa vyeupe! Dereva, nakuandikia barua!

(Dereva: "Niandikie, Mheshimiwa." Anakimbia kwenda kuliwasha. Mkunga Mkuu anashika pindo la pazia la kijani, analivuta kwa mkupuo mmoja, simu za wakunga zinamwagika sakafuni, anaingia nalo chumbani. Mwalimu na wanaume wengine watatu wanamfuata. Wanatoka wamembeba mke wa fundi cherehani ndani ya pazia, kila mmoja ameshika pembe yake. Ameng'ata kipande cha nguo na macho ameyafumba. Viti vya mbele vinapisha. Vya nyuma vimeshatoka nje kufungua geti.)

Naona, mabibi na mabwana, pazia limeondolewa. Kwa hiyo kiutaratibu mradi umezinduliwa.

Nimalizie basi kwa kaulimbiu zetu, ninyi mliobaki. Usasa! (Mtu mmoja, akichagua simu yake kutoka kwenye gunia: "Ndiyo hii au siyo hii?") Kidole kimoja! (Mtu huyo anajaribu kuwasha nyingine.) Sistimu moja! (Mtu huyo ameipata simu yake, anatoka.) Kituo cha afya cha kisasa, kwa mkunga wa kisasa, kwa mama wa kisasa! (Nje, mlio wa gari likiondoka kwa kasi.)

Imebaki kazi ya kushukuru, na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nawashukuru wafadhili wa mradi huu, ambao tulikuwa mbioni kuwatafuta. Namshukuru mkandarasi, ambaye tungempata. Naishukuru Kamati ya Kuchagua Njia, wajumbe wake wote wawili, yaani mimi na mtoto wa dada yangu, kwa kuchagua kwa weledi mkubwa njia ya kupeleka kitu ambacho, niseme tu ukweli kwa kuwa tumebaki wenyewe, hakikuwepo, hakijawahi kuwepo, wala wakunga hawakukiomba. Nazishukuru zile wekshopu. Namshukuru mke wangu, ambaye naamini mpaka sasa anautafuta mkasi. Namshukuru dereva wangu kwa… dereva wangu nitamshukuru baadaye. Nawashukuru ninyi nyote kwa kuhudhuria kwa wingi, na kwa kuondoka kwa wingi.

(Simu ya mtaalamu wa dijitali, ambayo naye ameitoa sasa hivi kwenye gunia, inalia. Anaipokea, anaiweka spika. Sauti ya dereva wa Mkurugenzi, anahema: "Tumefika. Wamempokea, wanamwingiza chumba cha upasuaji hivi sasa. Bado yu hai, na mtoto bado anacheza. Ila daktari amekasirika sana, anasema ilibaki kidogo tu wote wawili waende. Anauliza ilikuwaje mama katika hali hii akakaa pale muda wote huo. Mpe Mheshimiwa. Mheshimiwa, nimjibu nini?")

Mwambie… (Mkurugenzi anatazama karatasi zake. Anafunua ukurasa wa saba, wa nane, wa tisa.) Mwambie daktari tulikuwa tunachagua njia. Ahsanteni kwa kunisikiliza.